Mgeni wa Siku Moja Unguja

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini yuko mgeni asiyengojea hata hiyo siku ya pili. Huyo ni msafiri wa meli kubwa za matembezi, zizungukazo bahari kwa majuma mengi, zikitua leo bandari hii na kesho bandari ile. Meli hizo hufika pia Unguja. Asubuhi abiria hushuka pwani. Jioni hurudi melini, na meli yang'oa nanga.

Sisi wa Kirumba tusicheke. Mji wetu uko juu ya njia kuu itokayo Goma kwenda Butembo. Abiria wa lori ashukaye hapa kununua ndizi na kunyosha miguu, je, akifika Butembo aweza kusema kwamba ameijua Kirumba? Ameona vibanda vya kando ya barabara, basi.

Hebu tumfuate mgeni yule wa Unguja. Ataingia Mji Mkongwe, uliotiwa mwaka 2000 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ataona vichochoro vyembamba visivyopitika kwa gari, na milango mizito iliyonakshiwa kwa ustadi. Ataona Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Ataona Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Atatazama minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu, kazi ya wamisionari Wafaransa wa miaka ya 1890. Sokoni Darajani atanunua karafuu na mdalasini. Tena atapiga picha nyingi.

Hayo yote ni mazuri, wala hatumlaumu. Lakini utajiri uliojenga majumba yale ulitoka wapi? Ulitoka katika karafuu, zilizolimwa kwa jasho la watumwa, na katika pembe za ndovu. Misafara ilivuka ziwa Tanganyika ikafika Manyema na misitu ya Kongo yetu. Mkuu wa wafanya biashara hao alikuwa Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Pili alimfanya liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Alifariki Unguja mwaka 1905, na nyumba yake ingali ikionekana mtaa wa Shangani.

Pembe hizo hazikutembea zenyewe. Zilichukuliwa mabegani mwa watu mpaka pwani, mwendo wa miezi mingi. Wapagazi wengine walipata ujira. Wengine walikuwa mateka, nao waliuzwa pamoja na mizigo waliyoichukua.

Kwa hiyo yafaa mgeni apelekwe Mkunazini. Hapo palikuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, Sultani Barghash aliposhurutishwa na Waingereza kutia sahihi mkataba. Mwaka ule ule Waanglikana walianza kujenga kanisa lao mahali hapo, na husemwa kwamba altare imesimama pale palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Nje, tangu mwaka 1998, imo ndani ya shimo sanamu ya watu watano wenye minyororo shingoni. Utumwa wenyewe haukukoma siku ile. Sheria haikuacha kuutambua Unguja mpaka mwaka 1897.

Mwenye kutembeza wageni hujaribiwa kupita mbali na shimo lile, asije akawaharibia furaha watu waliokuja kupumzika. Twaona heri apunguze muda wa dukani. Wale wa mawe hawawezi kusema. Asipowasemea yeye, mgeni ataondoka akidhani kwamba mji ule ulijengwa na masultani peke yao.

Nasi tuna fungu katika habari hiyo. Hata lugha hii tunayoisoma ilipanda kwetu kwa njia ile ile: njia iliyoteremsha watu na pembe ndiyo iliyopandisha maneno. Tusione haya kuitumia, lakini tujue ilivyotufikia.

Tena, enyi wanafunzi, siku moja mgeni atashuka garini hapa Kirumba, naye atawauliza habari za mahali hapa. Mtamjibu nini? Waendeeni wazee jioni wangali hai. Waulizeni ni nani waliotangulia kukaa juu ya vilima hivi, barabara ililimwa kwa mikono ya nani, na ni mambo gani wazazi wao waliyaficha kwa uchungu. Yaandikeni katika daftari. Mgeni aweza kuwa na saa moja tu, lakini saa moja yatosha kusikia neno la kweli, ikiwa mwenyeji analijua.