STAA WETU WA CHUGA, HIYO SAA YAKO INAPIMA NINI?

Wadau, leo sitaji jina la mtu. Mwenyewe akisoma atajijua, na nyie mnaomfuatilia mtamjua kabla sijafika katikati.

Kuna staa mmoja hapa Arusha, kila wiki lazima atupie video ya saa zake na visu vyake. Juzi kavaa Rolex Daytona, kavimba, kasema eti vijana wa Ngarenaro hatujui vitu vya thamani. Haya kaka, ngoja tukuonyeshe tunachojua.

Saa ya aina hiyo inaitwa kronografu, yaani ina kipima muda ndani yake. Pembeni ina vibonyezo viwili: cha juu kinaanzisha na kusimamisha, cha chini kinarudisha sifuri. Sasa sikilizeni. Kwenye Daytona za siku hizi ule mshale mwembamba wa katikati unatulia kwenye 12 mpaka ubonyeze. Sekunde za kawaida zinahesabiwa na kamshale kadogo upande wa 6. Kwenye video ya staa wetu mshale wa katikati unatembea tik, tik, tik kama saa ya ukutani, na vimshale vidogo vyote vitatu vimelala. Rudieni kuangalia. Hiyo ni feki, tena feki ya chini kabisa.

Kuvaa feki mimi sina neno, wengi tunavaa za bei chee na kazini tunawahi. Kinachokera ni kututukania nayo. Na kuna madogo huku mtaani wanakopa kwenye simu ili wafanane naye. Saa ni feki, lakini deni ni orijino, na meseji za kudai zinamfikia hadi mama mzazi.

Halafu visu. Kapanga visu vya kukunja kutoka nje, kisha akacheka sime, eti ni ya kuchinjia mbuzi. Kaka, sime inafuliwa kwa moto na nyundo na mhunzi wa Kimaasai, mara nyingi kutoka chuma chakavu, inavishwa ala ya ngozi nyekundu na inavaliwa kiunoni miaka na miaka. Mwenye nayo anajua aliyempa. Wewe cha kwako unajua bei tu.

Oktoba 2017 kule New York, Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 17. Ni ya chuma cha kawaida, haina dhahabu wala almasi. Watu walilipia historia: mkewe ndiye aliyempa, akachongesha nyuma maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Sime ya babu nayo ina historia yake.

Kwa hiyo staa, ingia laivu, bonyeza kibonyezo cha juu tuone. Ikipima, posti hii naifuta.

Wadau mnasemaje? Tiririkeni kwenye komenti, ila majina ya watu hapana.