Okello, Aliyefuata Mapacha

Katika kambi ya askari nchini Uganda ukiita "Okello!" hukosi wa kuitika, na pengine wataitika watatu. Usidhani hao ni watoto wa baba mmoja. Serikali ilipopinduliwa mwezi Julai 1985, makamanda waliotajwa sana walikuwa Tito Okello na Bazilio Olara-Okello. Wengi waliwadhania ndugu, nao hawakuwa. Hata John Okello, aliyekuwa mbele katika mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964, alikuwa mtu wa Lango.

Sababu ni kwamba jina hili, kwa asili yake, halitaji ukoo wa baba. Latoa habari za tumbo la mama. Kwa Waacholi na Walango, mapacha wa kiume ni Opio na Ocen. Anayewafuata, akiwa wa kiume ni Okello, akiwa wa kike ni Akello. Waganda humwita Kizza, na Wasukuma, baada ya Kulwa na Doto, humwita Shija. Amfuataye Okello ni Odong au Odongo, ama Adong kwa msichana. Lakini ukivuka mpaka kwa Wajaluo wa Kenya, Odongo ndiye pacha wa pili, naye Okello yu palepale, nyuma ya mapacha.

Siku hizi karatasi za ofisi hudai jina la baba, basi wako akina Okello wengi ambao mama zao hawakupata kuzaa pacha.

Mimi nililijua uzito wa jina hili kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikijaza fomu za familia za askari. Mke wa koplo mmoja akanitajia watoto wake: Okello, kisha Adong, kisha mdogo wao. Nami, kwa kutaka kuonyesha kuwa naijua jadi, nikamwuliza huku nikicheka, "Mama, mbona umewasahau Opio na Ocen?"

Akatazama chini. "Hawakumaliza juma la pili, bwana."

Fomu haikuwa na nafasi yao. Palipoandikwa mzaliwa wa kwanza, nilikuwa nimekwisha kuandika Okello.

Akaniomba jambo moja tu, nisimpunguzie mwanawe jina hilo, maana karani mwingine alikuwa amemshauri libaki la ubatizo peke yake. Nikaliandika lote, kwa L mbili, kama alivyonitajia herufi baada ya herufi.