Kabla ya kushangilia Charger, tuulize asilimia 15 iko wapi

Leo nataka kuwagombeza vijana wetu kidogo. Kila fasi wanapokusanyika kuchaji simu, video ni ile ile: Dodge Charger, gari la Marekani la milango minne, linachoma matairi, moshi umejaa, watu wanapiga mayowe. Kisha mabishano yanaanza, farasi ngapi, sekunde ngapi, nani alimshinda nani. Kijana asiyejua bei ya kobalti ya wiki hii anajua nguvu za Charger mpaka farasi wa mwisho.

Sisemi kwamba gari ni baya. Lile la petroli, Charger SRT Hellcat lililotangazwa mwaka 2014, lilikuwa na injini ya V8 ya lita 6.2, lenye chombo cha kuisukumia hewa, nguvu za farasi 707, na wenyewe walitangaza mwendo wa kilomita 328 kwa saa. Lilikuja na funguo mbili. Ufunguo mweusi uliizuia injini kwenye farasi 500, ule mwekundu uliachia zote, maana hata watengenezaji walijua kwamba si kila mtu wa nyumbani anafaa kupewa mwekundu. Ni gari la familia, viti vitano, buti la kubeba mifuko ya unga, lakini linatoka kusimama hadi karibu kilomita 100 kwa saa kabla sekunde nne hazijaisha. Charger hizo za zamani ziliacha kutengenezwa Desemba 2023. Na kiwanda chake, kwa wanaopenda kusema mambo ya Marekani, kilikuwa Brampton, nchini Kanada.

Sasa lilete hapa. Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni kilomita 120 hivi. Kwa mwendo ule ni dakika 22. Nani atazipata dakika hizo kwenye RN1, nyuma ya malori ya asidi na ya shaba, na baiskeli za makala pembeni? Tumbo la Charger linakaribia kugusa lami, na njia zetu za ndani za mtaa wakati wa mvua zitalimaliza siku ya kwanza. Mjini linakunywa karibu lita 18 kwa kilomita 100, na linataka petroli safi, si ile ya kwenye chupa. Kitu kimoja tu kingetufaa: usukani wake uko kushoto. Sisi tunaendesha upande wa kuume, na gari nyingi zetu za kutoka Japani zina usukani huo huo upande wa kuume, hata dereva akitaka kupita lori lazima amwulize abiria kama njia ni wazi.

Lakini hayo ni ya kucheka. Kisa changu ni Charger mpya, ile ya umeme.

Mwaka 2024 Dodge walitoa Charger Daytona, kwanza la milango miwili, lile la milango minne likafuata. Lile lenye nguvu zaidi, Scat Pack, lina farasi 670 na linafika karibu kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.3. Uzito wake unapita kilo 2,600. Lilipoanza kuuzwa, bei yake ilipita dola 70,000. Chini ya viti kuna betri ya kilowati-saa 100.5, na ndani ya betri hiyo kuna nikeli, kobalti na aluminiamu. Kijana, umesikia neno la katikati?

Gari la umeme halingurumi. Wenye Dodge waliona haya kuuza gari la mabavu lisilo na sauti, wakalitengenezea chombo cha kutoa mngurumo, wakakiita Fratzonic, wakatangaza kwamba kinafika desibeli 126. Yaani wametumia akili na feza nyingi kuunda kelele ya bandia, na kelele hiyo ndiyo vijana wetu wanaishangilia kwenye simu. Kilicho cha kweli ndani ya gari lile, kile ambacho bila hicho lingekuwa sanduku tu, hakitajwi kwenye video hata moja.

Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu yake kubwa mno inatoka ukanda huu, kutoka Kolwezi kuja Likasi. Gari la umeme la kawaida hubeba pia kilo 80 hivi za shaba, zaidi ya mara tatu ya gari la petroli. Vitu hivyo vikifika kwenye viwanda vya China na kusafishwa, mawe ya shimo moja yanachanganywa na ya shimo lingine, na hakuna betri inayoandikwa jina la mtaa. Ndivyo tunavyofutwa. Wazee wetu wanakijua kisa hiki. Shinkolobwe iko karibu hapa tu, na uraniamu yake ndiyo Wamarekani walioitegemea zaidi kwa bomu la Hiroshima mwaka 1945. Dunia nzima inaijua Hiroshima. Taja Shinkolobwe mbele ya mgeni uone.

Nilikaa na daftari nikafanya hesabu. Katika betri ile, umeme wa kutumika ni kilowati-saa 93.9. Taa ya wati 10, ikiwaka saa tano kila usiku, ingekula umeme wa betri hiyo iliyojaa mara moja kwa zaidi ya miaka mitano. Gari moja, mara moja. Mama anayejifungua kwa mwanga wa simu hapa mtaani, na familia inayolala watu tisa chumba kimoja kwa kuwa imekimbia vita, wanapaswa kuijua hesabu hiyo kabla ya kuambiwa sekunde 3.3.

Najua jibu la wengine. Wanasema: acha gari liuzwe, likiuzwa kobalti inapanda bei, na krezeri wetu anakula. Ni jibu la kweli kwa nusu, nami nalijibu kwa bei zenyewe. Mwaka 2022 tani moja ya kobalti ilipita dola 80,000. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeanguka chini ya 25,000. Wakati wote huo gari za umeme ziliendelea kuongezeka duniani. Kobalti ilichimbwa nyingi kupita kiasi, na viwanda vingine vikahamia betri zisizo na kobalti kabisa. Tarehe 22 Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti nje, ikafungua tena Oktoba kwa vipimo: tani 18,125 mpaka mwisho wa mwaka, kisha tani 96,600 kwa mwaka katika 2026 na 2027. Bei ya kule ilipanda. Lakini miezi ile ya kufungwa, mchimbaji wa mikono asiyekuwa na ghala wala benki alipaswa kula nini?

Na Wamarekani wenyewe wamebadili mawazo. Charger ya umeme haikuuzika walivyotumaini. Ile ya bei ya chini, R/T, wameiondoa kwenye orodha ya 2026, na injini ya petroli imerudi, ya silinda sita safari hii. Mtu wa Detroit akichoka na gari lake anakwenda kuchagua lingine. Yeye hana kosa. Kosa ni letu tukiweka chakula cha watoto juu ya mapenzi yake na kuyaita maendeleo.

Ndugu mliohama, msidhani haya ni ya wenyeji peke yao. Wengine wenu mlikimbia bunduki. Lakini kuna watu katika ukanda huu waliohamishwa na shimo la madini lenyewe: Amnesty International iliandika habari zao za Kolwezi katika ripoti ya Septemba 2023, nyumba zilizobomolewa na watu walioondolewa ili migodi ya shaba na kobalti ipanuke. Mtoto wa aliyekimbia vita na mtoto wa aliyebomolewa nyumba wanakutana mahali pamoja, kwenye kuosha mawe, saa ambayo wangekuwa darasani.

Basi tuulize nini? Tusiulize farasi ngapi. Tuulize asilimia 15.

Sheria ya madini ya 2018 inasema hivi. Kampuni inayochimba hulipa redevance, na kwa kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya mkakati mwaka huo huo, ni asilimia 10 ya thamani ya kinachouzwa. Malipo hayo yanagawanywa: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa eneo lenyewe linalochimbwa, yaani mji, komini, sekta au usultani. Zaidi ya hapo kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya wakaaji walioathirika. Hii si sadaka ya mzungu wala zawadi ya mheshimiwa wakati wa uchaguzi. Ni deni lenye kifungu cha sheria.

Nimesikia watu wakisema mambo haya ni ya wanasheria wa Lubumbashi. Sikubali. Kijana anayeweza kukueleza tofauti ya ufunguo mweusi na ufunguo mwekundu wa gari ambalo hajawahi kuliona kwa macho, anaweza pia kuelewa 15 ya 10. Dola 100 za kobalti zikiuzwa, 10 ni redevance, na katika hizo 10, dola moja na nusu ni ya hapa. Akili anayo. Ameipeleka mahali pengine tu.

Ninachokitaka ni kidogo, tena hakigharimu hata tairi moja la Charger. Kila miezi mitatu, mbele ya ofisi ya komini na mbele ya soko, paandikwe hadharani: kiasi kilichoingia kutoka redevance, kampuni iliyolipa, tarehe, na kazi iliyofanywa nacho. Kama hakuna kilichoingia, iandikwe sifuri, kwa rangi ile ile. Wawakilishi wa familia zilizohama wawepo siku ya kusoma, kwa sababu nao wanachota kwenye kisima kimoja na sisi. Na redio isome kwa Kiswahili, tarakimu kwa tarakimu, saa ya jioni wakati watu wamerudi nyumbani.

Ubao upo. Fundi wa kuchora mabango tunaye, tena anakaa mtaani hapa hapa. Ameniambia rangi makopo mawili yanatosha.