Dawa zetu na ghala la Yusufu



Katika Mwanzo 41 Yusufu anaweka akiba ya nafaka kwa miaka saba ya neema, nayo inaokoa watu katika miaka saba ya njaa. Ghala lile lilikuwa uhai wa wengi, ndiyo maana lililindwa.

Nasi tuna ghala la namna hiyo hospitalini: dawa za antibiotiki. Tangu Alexander Fleming agundue penisilini mwaka 1928, dawa hizi zimeokoa wazazi, watoto wachanga na wagonjwa wa upasuaji. Lakini kila zinapotumika bila sababu, bakteria huzidi kuwa sugu. Watafiti walikadiria kuwa usugu huo uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Anayechota bila haja anamnyima mwenzake.

Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Hata hivyo, daktari akimwambia mzazi mtoto apumzike na anywe vya kutosha, huonekana hajui kazi. Akiandika sindano ya seftriaksoni, husifiwa. Kumbe Shirika la Afya Duniani limeiweka dawa hiyo katika kundi la kutumiwa kwa uangalifu.

Kanisa lina wajibu hapa, kwa kuwa linaendesha hospitali nyingi nchini, ikiwamo Bugando ya Mwanza. Bodi zetu zihakikishe maabara inaweza kuotesha vimelea, mwongozo wa matibabu unafuatwa wodini, na daktari hapimwi kwa wingi wa dawa anazoandika.

Wapo watakaouliza: majibu ya kuotesha huchukua siku kadhaa, je, mgonjwa mahututi asubiri? Hapana. Aanze dawa mara moja. Majibu yakija, ibadilishwe au isimamishwe inavyofaa. Kulinda ghala si kuwafungia wenye njaa.

Amri ya kumpenda jirani inafika hadi dirisha la dawa. Jirani huyo huenda ni kichanga ambaye hajazaliwa bado, atakayehitaji dawa hiyo ikiwa na nguvu. Basi daktari akikwambia huhitaji antibiotiki, usimlazimishe. Muulize ni dalili zipi zikurudishe hospitalini, kisha mshukuru.

Jumapili njema.