Kufundisha Safari ya Barua Pepe

Tunapofundisha barua pepe tusiishie kwenye anwani na salamu. Programu ya ofisi inapomwandikia mwanachuo aliye mazoezini Rungwe, Mbeya, au Kilolo, Iringa, haipeleki barua yenyewe. Huikabidhi kwa huduma ya barua iliyo mbali, nayo hubisha hodi kwa kompyuta ya mpokeaji, kwa utaratibu uliochapishwa mwaka 1982. Jibu la "imepokelewa" humaanisha kwamba huduma imeichukua tu. Herufi moja ikikosewa, barua hurudi. Na ofisi isiyosoma zilizorudi humlaumu mwanachuo bure. Nimeyaona haya. Nashauri mtoto mmoja awe programu, wa pili huduma, wa tatu mlango wa mpokeaji. Kisha anwani ikosewe makusudi, darasa lione nani atamrudishia mwandishi bahasha yake, na kama ataifungua.