Eti lazima tuifundishe upya?

Wadau, nimepotea kidogo, ni msuli wa testi tu. Leo nimerudi na hasira zangu.

Kuna wimbo umeshamiri hapa kampasi, hasa kwa washkaji wa kompyuta. Ukilalamika kwamba akili mnemba imeuvuruga mchoro wako, unajibiwa: "Modeli haijafundishwa vizuri, tusubiri tupate mashine tuifundishe upya." Tusubiri mpaka lini? Sisi wa ualimu tunakwenda mazoezini, na mtoto wa kidato cha pili atanakili chochote nitakachobandika ukutani. Kwenye moyo, ukuta wa ventrikali ya kushoto unatakiwa uwe mnene kuliko wa kulia. Picha ikipendeza halafu kuta zikalingana, nimemdanganya mtoto kwa rangi nzuri.

Tena hiyo mashine wanayoisubiri si ya mchezo. Stable Diffusion ya kwanza, iliyotoka 2022, ilifundishwa kwa kadi 256 za A100. Bumu la kampasi nzima halitoshi jamani!

Sasa tazameni inavyofanya kazi. Ukiipa mchoro wako, inaumwagia chenga, zile zile za tivii iliyokosa stesheni, halafu inazisafisha hatua kwa hatua mpaka picha itokee. Chenga zikiwa chache, unarudishiwa mchoro wako na ubaya wake. Zikizidi, unapata picha safi ya moyo wa mtu mwingine kabisa. Kazi yote iko katikati hapo. Watafiti wa Stanford na Carnegie Mellon walilionyesha hilo mwaka 2021 kwa mbinu yao ya SDEdit, wakitumia modeli iliyokwisha kufundishwa, bila kuiongezea somo hata moja. Kwenye programu nyingi ni namba moja tu, kati ya 0 na 1. Ukipanga hatua 50 na namba 0.6, zinafanyika 30 za mwisho. Ni hivyo tu! Lakini muulize anayeimba "tuifundishe" kama amewahi kuigusa.

Na si hiyo peke yake. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walichukua yale ambayo modeli inayaona ndani yake inapopitia picha ya kwanza, wakayapachika wakati inachora ya pili, umbo likabaki pale pale. Mwaka 2023 ikaja FreeU kutoka Singapore: unaongeza uzito wa njia moja ndani ya modeli, unapunguza wa nyingine, picha inatulia. Mafunzo mapya, sifuri.

Najua mtabisha kwamba kitu ambacho modeli haijawahi kukiona hakitokei kwa kuzungusha namba. Kweli, hapo mwenye hoja ya mafunzo ana haki yake. Majina ya sehemu za moyo nayo naandika kwa mkono, maana ikiandika yenyewe unaweza kupata herufi za kizimwi. Lakini moyo imeuona mara ngapi? Darasa zima likifeli swali, mwalimu mwenye akili anaanza kuliangalia swali lenyewe kabla ya kuwarudisha watoto kidato cha kwanza.

Anayebisha aje na mchoro wake jioni. Tutauweka kwenye 0.3, 0.5 na 0.7, tuhesabu mishipa. Ila aje na chaja yake.