Saikolojia: Kazi ya mwaka wa nne si ya kununua

Majuzi mzee mmoja kutoka upande wa Keroka aliingia katika kliniki yangu mjini Kisii akilalamika kuwa hapati usingizi. Nilimpima nikakuta shinikizo la damu limepanda hadi 170 kwa 100. Nilipomuuliza kinachomkosesha usingizi, alishusha pumzi.

"Daktari, ni huyu msichana wangu wa chuo kikuu."

Binti yuko mwaka wa nne, anasomea saikolojia. Mitihani yote amepita. Kilichobaki ni kazi ya utafiti. Kijana mmoja mwenye duka la kompyuta karibu na chuo amemwambia atamwandikia yote, kurasa sitini zilizofungwa vizuri, kwa bei ya mbuzi wawili wanono. Mzee alitaka kujua kama auze mbuzi hao. "Si ni karatasi tu, Daktari?"

Siku hiyo nilimjibu kwa kifupi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Leo namjibu kwa kirefu, na wewe msomaji uliye na mtoto chuoni usikie.

Kwanza tuelewane kuhusu shahada yenyewe. Anayetaka kusomea shahada katika vyuo vikuu vyetu huhitaji wastani wa C+ au zaidi katika mtihani wa KCSE. Saikolojia husomwa kwa miaka 4. Mwanafunzi hufundishwa jinsi mtoto anavyokua, jinsi ubongo unavyofanya kazi, jinsi watu wanavyokumbuka na kusahau, magonjwa ya akili, na takwimu, somo ambalo wengi hulikimbia. Aghalabu hutumwa pia nje ya darasa, shuleni au hospitalini, akafanye kazi chini ya macho ya waliomtangulia. Mwishowe huchagua swali moja, akaenda kwa watu kulitafutia jibu, akaandika alichokiona na kuwaeleza walimu wake jinsi alivyokipata.

Katika vyuo vingi nchini, wastani wa 70 na zaidi ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu, na 50 hadi 59 ni la pili la chini. Hayo ndiyo madaraja yanayoitwa honasi. Aliye chini ya hapo, maadamu amevuka 40, amepita tu. Usichanganye honasi na shahada ya heshima wanayovishwa wanasiasa bila kuketi darasani hata siku moja.

Sasa utauliza: kama binti amepita masomo mengine yote, hiyo kazi ya mwisho ina uzito gani? Mimi nasema ndiyo yenye uzito kuliko yote. Darasani mwanafunzi husoma yale ambayo wengine walisikia. Katika utafiti hulazimika kusikia mwenyewe.

Chukua mfano. Mwanafunzi anakwenda Nyamira kuwauliza wachuma majani chai kuhusu huzuni. Karatasi yake ya maswali imetoka Marekani, naye ameitafsiri usiku mmoja. Anamuuliza bibi wa miaka 70, "Je, umepoteza hamu?" Bibi anajibu kuwa jana alikula vizuri sana. Mwanafunzi akiwa hasikilizi, ataandika kuwa bibi huyu ni mzima. Akisikiliza, atagundua kuwa swali lake ndilo gonjwa. Somo hilo halipatikani katika duka la kompyuta.

Nina sababu ya kulishupalia jambo hili. Kila juma naona wagonjwa ambao vipimo vyao vyote ni safi. Huyu anaumwa kichwa tangu alipofiwa na mume. Yule moyo unamwenda mbio kila anapokumbuka deni. Dawa za maumivu nawapa, lakini najua hazifiki penye kidonda. Wanahitaji mtu aliyefunzwa kusikiliza, na watu hao ni wachache mno katika kaunti zetu hizi mbili.

Tena yako yanayotisha zaidi. Mei 2008 watu 11 walichomwa hadi kufa hapa Gusii kwa kushukiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa na umati huko Marani kwa madai kama hayo. Siwezi kusema wazee hao walikuwa na ugonjwa gani, au kama walikuwa nao. Lakini kama daktari najua kuwa ugonjwa wa kusahau wa uzeeni humfanya mtu atoke usiku, apotee njia, aingie ua wa jirani bila kujua alipo, pengine bila nguo, na azungumze maneno yasiyoeleweka. Mwambie jirani mwenye hofu akueleze mchawi anafanana vipi, usikie kama hatakutajia mambo yayo hayo. Kati ya bibi kama huyo na kiberiti, anahitajika mtu wa kuieleza familia kinachotendeka ndani ya ubongo wake. Je, ungependa mtu huyo awe yule aliyenunua utafiti wake kwa mbuzi wawili?

Watu wetu si wageni wa kazi hii. Kabla ya hospitali kufika, Abagusii walikuwa na omobari, mpasuaji aliyefungua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu la mtu aliyesumbuliwa na maumivu baada ya kugongwa. Madaktari wa kigeni waliandika habari zake katika majarida yao. Sikushauri umtafute. Nataka tu ukumbuke kuwa omobari alijifunza kwa kukaa kando ya aliyemtangulia na kutazama mkono wake. Hakuna aliyekubali kupasuliwa na mtu aliyelipa mwingine ajifunze kwa niaba yake.

Na saikolojia nayo inatujua. Kati ya 1955 na 1957 Robert LeVine na Barbara LeVine kutoka Marekani waliishi Gusii wakichunguza malezi ya watoto, na mwaka 1966 wakatoa kitabu kuhusu kijiji walichokiita Nyansongo. LeVine alirudi miaka ya 1970 pamoja na wenzake, akiwamo daktari wa watoto T. Berry Brazelton. Waliwalinganisha mama wa hapa na mama wa Boston. Mama wa Boston alimtazama mtoto machoni na kumsemesha kutwa. Mama wa Gusii alimbeba, akamnyonyesha na kumtuliza upesi, bila maneno mengi. Kwa kipimo cha Boston, mtoto wetu alinyimwa kitu. Hata hivyo watoto hao walikua wakawa watu wazima wenye akili timamu. Matokeo hayo yalitoka katika kitabu mwaka 1994, na mpaka leo wanafunzi wa nchi za mbali wanajifunza habari za mama zetu. Itakuwa aibu iwapo wao wanatuchunguza kwa bidii, nasi watoto wetu wanatuandika kwa kunakili.

Najua utetezi wa wanafunzi, na sehemu yake ni kweli. Karo inachelewa. Wapo walimu wasimamizi wenye wanafunzi wengi kupita kiasi, ambao husoma sura moja baada ya miezi mitatu. Alama hupotea ofisini, mtoto akazunguka na faili kwapani. Vyuo vina lawama hapo na havina budi kujirekebisha. Lakini msimamizi mvivu hatibiwi kwa udanganyifu. Anatibiwa kwa barua kwa mkuu wa idara, na nakala ibaki mkononi.

Mzazi naye atambue jambo jingine. Shahada hii ya kwanza, hata ikiwa ya daraja la kwanza, ni mlango tu. Haimfanyi mtoto wako kuwa daktari wa akili. Huyo husomea udaktari kwanza. Anayetaka kutibu wagonjwa kama mwanasaikolojia wa hospitali huendelea na shahada ya uzamili, kama ile inayotolewa na Chuo Kikuu cha Nairobi. Na tangu 2014 tunayo sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, inayotaka wanaofanya kazi hiyo wasajiliwe na bodi yao. Basi usimfungulie binti yako ofisi ya ushauri juma la pili baada ya mahafali.

Nawe mgonjwa, unapokwenda kwa mshauri usione haya kuuliza: Ulisomea wapi? Umesajiliwa? Nani anasimamia kazi yako? Aliyehitimu kwa haki hatakasirika.

Yule mzee alirudi wiki iliyopita kupimwa. Mbuzi hawakuuzwa. Binti ameomba kuahirisha, hatahitimu na wenzake mwaka huu, na mama yake bado amenuna kwa sababu wageni wa sherehe walikwisha kualikwa. Kwa sasa msichana anazunguka vijiji vya upande wa Nyamira na daftari lake, akiwauliza wanaowatunza wazee wanaosahau wanavyoishi nao. Mzee aliniambia kuwa jioni moja alirudi nyumbani akiwa kimya, akakaa jikoni na bibi yake hadi usiku, akimsikiliza.

Shinikizo la damu lilikuwa 150 kwa 90. Bado halijashuka vya kutosha, na dawa anaendelea nazo. Usingizi, alisema, umeanza kurudi.